Mkao wa kujipinda ukiwa umeketi: nyonga zishikiliwe sakafuni au ziachwe zigeuke?

#1 BintiWaNtinda
Salaam wanajukwaa. Ninafanya yoga nyumbani, na mara mojamoja ninahudhuria darasa hapa Kampala. Kuna mkao mmoja ambao walimu wangu wawili wanaufundisha kwa namna zinazopingana, nao ni ule wa kuketi na kujipinda unaoitwa Ardha Matsyendrasana. Unakunja goti la kulia na kuuvusha unyayo hadi nje ya paja la kushoto, mguu wa kushoto unaukunja kisigino kikae karibu na kalio la kulia, kisha kiwiko cha kushoto unakikaza nje ya goti la kulia na kifua unakigeuzia kulia. Mwalimu wa kwanza anasisitiza kwamba makalio yote mawili yasibanduke sakafuni hata kidogo, kwa sababu nyonga zikisogea, uti wa mgongo unakuwa haujapinda. Wa pili anataka nyonga ziachwe zigeuke pamoja na kiwiliwili. Nikimfuata wa kwanza ninapata maumivu upande mmoja, chini kabisa ya mgongo, pale penye kishimo juu ya kalio. Nikimfuata wa pili maumivu hayapo, lakini ninaona kama sijafanya zoezi lolote. Yupi yuko sahihi, na maumivu haya yanatoka wapi?

#2 MkufunziBukoto
Karibu dada. Ninafundisha mkao huu na niko upande wa mwalimu wako wa kwanza, ingawa nadhani ameacha kukueleza lililo kubwa zaidi. Watu wengi wanaoketi sakafuni bila kuinua makalio hujikuta sehemu ya chini ya mgongo imebonyea kwa nyuma kwa sababu misuli ya mapaja na nyonga imekaza, halafu wanaanza kuupinda mgongo ambao tayari umeinama, na hapo ndipo maumivu yanapoingia. Kunja blanketi nene, ulikalie ili nyonga ziwe juu kidogo, na kama bado mgongo haunyooki, mguu wa chini usiukunje, unyooshe tu mbele. Vuta pumzi ujirefushe, toa pumzi ndipo ugeuke, na usitumie kiwiko kama nondo ya kujisukumia. Makalio yakitulia na mgongo ukanyooka, maumivu hayo yatakwisha.

#3 KijanaWaIganga
Mimi nilielezwa kwamba kujipinda hukamua sumu kutoka kwenye ini na figo kama unavyokamua nguo iliyolowa maji, na ukiachia, damu safi inaingia. Maumivu ya dada yanaweza kuwa ni sumu hizo zinazotoka. Avumilie.

#4 MzeeWaBombo
Kijana, kama sumu ingetolewa kwa kujipinda, wanywaji wa waragi wa hapa kwetu wangekuwa mikekani kila Jumatatu asubuhi, na zahanati ingefungwa kwa kukosa wagonjwa.

#5 TibaViungo
Salaam. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nipo Mbarara. Kabla ya kumjibu dada naomba nianze na #3. Ini na figo huchuja damu saa zote bila kusubiri tujipinde, na sijaona ushahidi wowote kwamba kugeuza kiwiliwili huongeza kazi hiyo. La hatari zaidi ni lile la kuvumilia maumivu kwa kuamini kwamba ni sumu. Maumivu makali ya upande mmoja ni sababu ya kusimama na kutazama unachokifanya.

Sasa nyonga. Uti wa mgongo una pingili 7 shingoni, 12 nyuma ya kifua na 5 kiunoni, na sehemu hizi tatu hazigeuki kwa kiwango sawa. Pingili za kiunoni zimeunganishwa kwa viungo vidogo vilivyosimama kwa namna inayoruhusu kuinama mbele na kurudi nyuma, lakini vinazuia kuzunguka, kiasi kwamba kila pingili hugeuka digrii 1 au 2 tu juu ya mwenzake. Sehemu ya kifua, ambayo viungo vyake vimeelekea kwingine, hugeuka kiasi cha digrii 35 kwa jumla. Kwa hiyo mtu anayeamini kwamba anajipinda kiunoni anadai kutoka kiunoni kitu ambacho kiuno hakikuumbiwa.

Mkao huu una jambo jingine. Goti lililovushwa na kusukumwa na kiwiko linalivuta fupanyonga upande mmoja, na kiwiliwili kinachogeuka kinauvuta mfupa wa sakramu, ule wa pembetatu ulio chini ya kiuno, upande mwingine. Kati yao kuna kiungo kilichofungwa kwa kano nene, ambacho kwa kawaida husogea kidogo mno. Makalio yakishikiliwa chini kwa nguvu, mvutano wote huishia hapo. Kile kishimo alichokitaja dada kiko karibu kabisa na kiungo hicho. Ndiyo maana mimi niko upande wa mwalimu wa pili.

#6 MkufunziBukoto
Ahsante kwa maelezo, daktari, lakini hesabu yako inanitatiza. Ukijumlisha kiuno na kifua hufiki hata digrii 50, nami kila juma ninaona wanafunzi wanaotazama ukuta ulio nyuma yao huku makalio yametulia sakafuni. Wamezipata wapi digrii zilizobaki?

#7 TibaViungo
Mimi si daktari, mkufunzi, nimekwisha kutaja kazi yangu. Digrii zilizobaki zinatoka katika sehemu ambazo jicho halizihesabu. Shingo peke yake huweza kugeuka kiasi cha digrii 80 kila upande, na karibu nusu yake hupatikana kati ya pingili mbili za juu kabisa. Mifupa ya mabega nayo huteleza juu ya mbavu, mmoja ukienda nyuma na mwingine mbele, kwa hiyo kifua kinaonekana kimegeuka kuliko kilivyogeuka kweli. Tena, mwambie mwanafunzi wako akunje mikono kifuani na atazame mbele, kisha umpime upya. Mara nyingi utaona kwamba hata hayo makalio yaliyotulia yalikuwa yamesogea, ila yeye hakujua na wewe ulikuwa unatazama uso wake.

#8 ShangaziWaJinja
Wanangu, mnapima mifupa na mnasahau namna tunavyoketi tangu utotoni. Huku Busoga na kule Buganda, mtoto wa kike hufundishwa kupiga magoti na kuketi mkekani miguu yote miwili ikiwa imekunjwa upande mmoja, na kila mmoja wetu ana upande wake aliouzoea. Mimi miguu yangu hulala kulia, na ukiniambia niilaze kushoto ninahisi kama nimeazima nyonga za mtu. Mwalimu wa yoga aliyewahi kuja kutufundisha kikundini alituonyesha mkao unaoitwa Bharadvajasana, ambao ni huohuo wetu wa mkekani, isipokuwa unaongeza kugeuza kifua kuelekea upande wa magoti. Wanawake wote tuliokuwapo tuliufanya bila taabu kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili tukawa tunaguna. Kwa hiyo kabla ya kuuliza yupi kati ya walimu ni sahihi, dada atuambie kwanza anaketije nyumbani, na akipanda boda boda anapandaje.

#9 BintiWaNtinda
Shangazi, umenigusa. Kazini ninavaa sketi, kwa hiyo kwenye boda boda ninaketi upande, miguu ikining'inia kulia, asubuhi na jioni, na ili nitazame mbele ninalazimika kugeuza kifua na shingo kushoto. Maumivu yangu yako kulia, na yanakuja zaidi ninapogeukia kulia. TibaViungo, je, hilo linaweza kuwa na uhusiano?

#10 DerevaMalaba
Mimi ninaendesha trela kati ya Mombasa na Kampala, na ninamuunga mkono Shangazi. Kiti chetu kiko kulia, kwa hiyo karibu kila kitu kinamgeuza dereva kushoto: gia, karatasi za mzigo, utingo anayekuita. Kwenye foleni ya Malaba nimejizoeza kushuka, kuketi kwenye ngazi ya gari, miguu yote miwili chini, na kujipinda taratibu kila upande. Kushoto ninafika mbali, kulia ninakwama mapema. Sijawahi kufikiria makalio yanafanya nini, kwa sababu ukiketi mahali palipoinuka yanajikalia yenyewe. Labda tatizo la dada ni sakafu tu, na aanze na kiti.

#11 TibaViungo
Dada, linaweza. Mwili unaogeuzwa upande mmoja kila siku huuzoea upande huo, na ule mwingine hubaki umekaza. Hata hivyo sipendi tukimbilie kulitangaza kuwa ndilo jibu, kwa sababu hapa Uganda wanawake wengi sana huketi upande kwenye boda boda na wengi wao hawaumwi kishimo wala kalio. Tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto ni ya kawaida kwa karibu kila mtu mzima. Wazo la #10 kuhusu kiti ni zuri kwa sababu kwenye kiti magoti hayavutwi kuvuka mwili, na hivyo fupanyonga haliburutwi upande wa pili.

Liko pia elezo la tatu ambalo halijatajwa. Ndani ya kalio kuna msuli mdogo unaotoka kwenye sakramu hadi juu ya mfupa wa paja, na neva kubwa ya mguu hupita chini yake. Goti likivushwa kuelekea upande wa pili, msuli huo hunyooshwa kwa nguvu. Kwa hiyo anayegeukia kulia, goti la kulia likiwa juu, huweza kuumwa kulia bila uti wa mgongo kuhusika hata kidogo. Namna ya kupima ni rahisi: dada akae katika mkao huo, avushe goti, lakini asigeuze kifua. Maumivu yakiwa palepale, basi si kupinda kunakomuumiza.

#12 MzeeWaBombo
Nimejaribu kipimo hicho hapa barazani. Goti limekataa kuvuka kwa sababu tumbo limewahi kufika. Mke wangu anasema jeshini nilikuwa ninavuka seng'enge.

#13 MkungaArua
Mada nzuri. Naona wasomaji wengi ni wanawake, kwa hiyo naomba niongeze yanayotuhusu. Mjamzito asiufanye mkao huu wa kuvusha goti na kulibana tumbo dhidi ya paja, hasa mimba inapokuwa kubwa. Homoni za ujauzito hulegeza kano za nyonga, na kiungo alichokieleza TibaViungo katika #5 huwa rahisi zaidi kuteguka wakati huo, ndiyo maana wajawazito wengi hulalamikia maumivu yaleyale ya kishimo. Anayetaka kujigeuza ageukie upande ulio wazi, yaani mbali na goti lililokunjwa ili tumbo lisibanwe, na ageuze mabega kuliko kiuno. Mkao wa mkekani wa Shangazi unafaa zaidi, akikalia blanketi. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri kidonda kipone ndani na nje na aruhusiwe kliniki kwanza. Ninawaona wanaoanza mapema kwa hamu ya kupunguza tumbo, na mkao huu haupunguzi mafuta ya tumbo.

#14 MuuminiMbale
Ndugu zangu, kabla ya kupima digrii, je, tumejiuliza kama mikao hii si ibada ya dini nyingine? Kwetu kanisani tumeonywa.

#15 Msimamizi
Swali la #14 lina mahali pake katika ukumbi wa Dini na Imani, na kuna uzi mrefu huko. Hapa tubaki kwenye mkao.

#16 MpenziWaKale
Kwa ruhusa ya Msimamizi, nitagusa historia kwa kuwa inahusu mkao wenyewe. Mkao huu umepewa jina la Matsyendra, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa hatha yoga, na umeelezwa katika Hatha Yoga Pradipika, andiko la Svatmarama la karne ya 15. Yapo mambo mawili ambayo yatawafaa mnaobishana. La kwanza, umbo la kale ni gumu kuliko hili la dada, kwa sababu unyayo mmoja huwekwa juu ya chanzo cha paja, na hili tunalolifanya ni nusu yake iliyorahisishwa. La pili, faida inayotajwa pale ni kuuwasha moto wa tumbo, yaani nguvu ya kusaga chakula, pamoja na kuondoa maradhi na kuamsha nguvu iliyolala. Suala la kalio kubanduka au kutobanduka halimo. Kwa hiyo mwalimu anayesema kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani aonyeshe imeandikwa wapi. Sehemu kubwa ya kanuni tunazorithi madarasani zilitoka kwa walimu wa karne ya 20, nao walikuwa na hoja zao, lakini tuzipime kama hoja.

#17 KijanaWaIganga
Basi mwaona kwamba sikukosea sana, kwa kuwa tumbo limetajwa. Nilifundishwa pia kwamba lazima uanze kugeukia kulia ndipo kushoto, kwa sababu utumbo mpana hupanda upande wa kulia, ukakatiza juu, ukashuka kushoto, na ukianza vibaya unaurudisha uchafu nyuma.

#18 MuuguziLira
Kijana, njia ya utumbo mpana umeieleza vizuri, ila hitimisho halifuati. Utumbo husukuma kilichomo kwa misuli yake yenyewe, na kugeuka kwako kwa nusu dakika hakuwezi kukirudisha nyuma. Anza upande unaoupenda. Kwamba kuna watu wanaopata choo kwa urahisi baada ya mazoezi ni kweli, na hata kutembea hufanya hivyo. Jambo moja la maana ni kwamba tumbo lisiwe limejaa. Aliyekula katogo asubuhi asubiri saa tatu au nne, la sivyo moto wa tumbo utampandia kooni.

Nina neno zito kidogo pia. Si kila maumivu ya mgongo ni ya mkao. Hapa kwetu kifua kikuu kipo, na huweza kushambulia pingili za mgongo bila hata mtu kukohoa. Mwenye maumivu ya mgongo yanayoendelea kwa majuma mengi, yanayomwamsha usiku, pamoja na homa, kutokwa jasho usiku au kupungua uzito, aende akapimwe na aache kujipinda. Na anayepata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au akashindwa kuzuia mkojo, au mguu ukaishiwa nguvu, aende hospitali siku hiyohiyo.

#19 BintiWaNtinda
Ahsanteni. Sina dalili hizo, namshukuru Mungu. Nimefanya kipimo cha #11. Nikivusha goti bila kugeuka, ninahisi mvutano kalioni, lakini si maumivu yale. Nikigeuka huku nimeyakaza makalio chini, yanakuja. Nikikalia blanketi yanapungua, ila hayaishi. Kwa hiyo kila mmoja wenu amepata kipande chake.

#20 MkufunziBukoto
Yamepungua kwa blanketi, kama nilivyosema katika #2. Endelea nalo na uwe na subira.

#21 TibaViungo
Yamepungua, na hayakuisha kwa sababu bado anayakaza makalio. Ajaribu blanketi na kuziachia nyonga kwa pamoja.

#22 AlfajiriKasese
Naingilia na swali dogo. Mimi hufanya mkao huu baada ya swala ya alfajiri, kabla ya kunywa chochote, na wakati huo mwili ni mkavu kama gogo, ilhali jioni ninageuka vizuri. Je, ni baridi ya huku kwetu chini ya Rwenzori, au kuna sababu nyingine?

#23 TibaViungo
Baridi ina mchango wake, lakini iko sababu nyingine. Kati ya pingili kuna diski, ambazo kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu. Chakula na maji huzifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo jirani. Usiku tukilala, mzigo ukiwa umeondoka, hufyonza maji na kuvimba kidogo, na ndiyo maana mtu akiamka ni mrefu kuliko alivyokuwa jioni kwa kiasi cha sentimeta moja au zaidi. Diski iliyojaa maji haikubali kukunjwa kirahisi. Kwa sababu hiyo siwashauri wenye historia ya diski kuinama na kujipinda kwa nguvu mara tu wanapotoka kitandani. Tembea kwanza, fua nguo, chota maji, kisha ndipo uketi. Na tahadhari kubwa ni kuinama na kujipinda kwa pamoja ukiwa na mzigo, jambo ambalo wachukuzi wa sokoni hulifanya kutwa nzima na hakuna anayewaandikia onyo. Nyuzi za ukingo wa diski zimepangwa kwa mshazari, tabaka moja upande huu na tabaka linalofuata upande ule, na tunapogeuka nusu yake hukaza na nusu hulegea, kwa hiyo wakati huo uimara wake haukamiliki.

#24 FundiCherehaniMasaka
Na ule mlio? Mimi ninashona kutwa nimeinamia mashine, na nikijipinda mgongo hulia ko-ko-ko kutoka chini hadi juu, na ninapata raha ya ajabu. Mwenzangu wa kibanda cha jirani ananiambia kwamba mifupa inasagika.

#25 MuuguziLira
Haisagiki. Ndani ya viungo kuna majimaji ya kulainishia yenye gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikitanuliwa ghafla, shinikizo hushuka na tundu la gesi hutokea. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walilionyesha jambo hilo kwa kupiga picha za MRI za vidole vikivutwa, ingawa wataalamu bado wanabishana kama sauti hutoka tundu linapotokea au linapoporomoka. Ndiyo maana kiungo kilicholia hakilii tena papo hapo, hadi zipite kama dakika 20. Mlio usio na maumivu si ugonjwa, wala si dalili kwamba umejipinda vizuri.

#26 FundiCherehaniMasaka
Nashukuru. Nitamwonyesha jirani yangu.

#27 MkufunziBukoto
Nimewasoma wote, nami naomba nieleze kwa nini bado sijashawishika, ili isionekane kwamba ninashikilia neno kwa ukaidi. Mwanafunzi mpya nikimwambia aachie nyonga, anaachia kila kitu. Kalio moja linapanda juu, mgongo unaanguka nyuma, anazungusha mwili mzima kama anayetafuta kitu kilichodondoka, na sehemu ya kifua, ambayo TibaViungo mwenyewe anasema ndiyo yenye uwezo wa kugeuka, haifanyi kazi yoyote. Nikimwambia ashikilie makalio, angalau kifua kinalazimika kuamka. Kwa hiyo agizo langu ni la kumfundisha mtu ajue anageukia wapi. Akishaelewa, baada ya muda huwa ninamruhusu nyonga isogee kidogo.

#28 TibaViungo
Sasa umesema jambo ambalo ningeweza kulikubali nusu. Ungewaambia tangu mwanzo kwamba agizo hilo ni la muda, nisingekuwa na neno. Shida ni kwamba wanaliacha darasa lako na kwenda nyumbani na sentensi moja kichwani, kwamba kalio lisibanduke, na wanaitii hadi wanakuja kwangu. Napendekeza agizo jingine: nyonga igeuke kwanza kidogo, itulie hapo, kisha mbavu zigeuke juu yake, na shingo iwe ya mwisho. Kalio la upande unaogeukia likiwa jepesi kwa unene wa kidole si kosa.

#29 ShangaziWaJinja
Nina mama mzee ambaye mgongo wake umeanza kuinama kwa uzee, na wajukuu wanamhimiza afanye mazoezi haya waliyoyaona kwenye simu. Naomba ushauri kabla hawajamvunja.

#30 TibaViungo
Shangazi, mama asifanyiwe haya. Mifupa ya wazee, hasa wanawake waliokoma hedhi, hupoteza uzito, na pingili dhaifu huweza kubonyea mtu anapoinama na kujipinda hadi mwisho wa uwezo wake. Kuinama kwake kunaweza kuwa ni matokeo ya pingili ambazo zimekwisha kubonyea. Apimwe kwanza. Kwa sasa aketi kwenye kiti chenye egemeo, ajinyooshe kwenda juu, na ageuze kichwa na mabega kwa kiasi kile anachogeuka akiitwa na mtu aliye mlangoni, bila kushika egemeo ili kujivuta. Kusimama na kutembea kutamfaa zaidi.

#31 MkungaArua
Hata kwa vijana, mikono ndiyo inayoharibu. Nakubaliana na MkufunziBukoto katika hilo la kiwiko. Geuka kwanza kwa misuli ya ubavu, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kisha ndipo uweke mkono pale ulipofika, na usiutumie kwenda mbele zaidi.

#32 DerevaMalaba
Lakini mtu akiwa nyumbani peke yake, hana mwalimu wala TibaViungo wa kumtazama, atajuaje kwamba amefika na asiendelee? Huku barabarani hatuna mkeka wala kioo.

#33 TibaViungo
Sikiliza pumzi. Ukigeuka hadi huwezi kuvuta pumzi ndefu bila kujikaza, umepita mahali pako, rudi kidogo. Kaa hapo pumzi tano au zaidi, kisha badilisha upande.

#34 MkufunziBukoto
Pumzi nayo si shahidi wa kutegemewa peke yake. Wapo wanafunzi wangu wanaopumua kwa utulivu kabisa huku kiungo kinateseka, hasa wale wenye viungo vilegevu kupita kawaida, na hao ndio wanaotazama ukuta wa nyuma ambao niliwataja katika #6. Kwa watu wa aina hiyo makalio yaliyoshikiliwa ni breki pekee waliyo nayo.

#35 TibaViungo
Kwa watu wa aina hiyo, mkufunzi, makalio yaliyoshikiliwa ndiyo yanayolihamishia zoezi zima kwenye kiungo cha sakramu, kwa sababu kano zao ni legevu hata hapo. Wao wapunguziwe mzunguko kwa jumla, wala wasifungwe chini na kuachwa wazunguke juu.

#36 MzeeWaBombo
Nimehamia kwenye kiti kama dereva alivyoshauri. Kulia ninaona geti, kushoto ninaona migomba ya jirani. Mnaposhauriana kuhusu makalio, mniambie pia kama mtu mwenye tumbo langu avute pumzi kabla ya kugeuka au baada, kwa sababu nikijirefusha kwanza kama #2 alivyosema, hewa inakuwa imejaa na pa kugeukia hapabaki.

#37 MkungaArua
Mzee, vuta ujirefushe, kisha toa hewa yote ndipo ugeuke. Usigeuke ukiwa umejaza mapafu.

#38 MkufunziBukoto
Na makalio yote mawili yabaki kitini, mzee.